Ngoja Amalize: Miaka Minne ya Subjonctif Passé Garsen

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: Habiba hakuelewa nilichofundisha, au mimi ndiye sikumwelewa Habiba? Siku hiyo mchana nilikuwa nimepiga mstari juu ya jina lake kwa kalamu nyekundu na kuipeleka orodha ofisini. Orodha hiyo ndiyo iliyoamua nani angefanya mtihani wa kitaifa wa Kifaransa na nani angehamishiwa Kilimo. Ikishatumwa hairudi. Nililala nikigeukageuka kama chapati, nikijiambia kwamba mwalimu hawezi kumhurumia kila mtu, kisha nikijiuliza kama huruma ndiyo neno lenyewe.

Lakini nianze mwanzo, maana haya nayaandika kwa ajili yako wewe utakayekuja kukalia kiti changu.

Nina miaka ishirini na tisa na nimestaafu. Ndivyo anavyosema Mzee Dhadho, mlinzi wa lango, kila nikipita na katoni ya vitabu vyangu. Husimama wima na kunipigia saluti, kisha huniuliza kama nimeshapanga kufuga kuku. Ukweli ni kwamba mkataba wangu na bodi ya shule umekwisha na darasa langu la mwisho limeshafanya mtihani. Bi Mwanajuma, mkuu wa idara ya lugha, ameniomba niandike machache kabla sijarudisha ufunguo wa kabati. Nimeandika rasimu nne. Hii ni ya tano, na ameniambia ya sita hataipokea.

Siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shule ikiwa bado imefungwa. Nilikuwa nimetoka kwetu Golbanti gizani kwa kuogopa kuchelewa, nikiwa na maandalio ya vipindi vya mwezi mzima, chaki zangu mwenyewe, na shahada yangu ndani ya mfuko wa plastiki iwapo mtu angetaka kuiona. Hakuna aliyetaka kuiona. Mzee Dhadho aliniuliza mimi ni mzazi wa nani.

Bi Mwanajuma ni mtu wa Kipini, na Kiswahili chake kinateleza kiasi kwamba hata akikukaripia unatamani aendelee. Alinipeleka kwenye kabati la Kifaransa. Ndani mlikuwa na kamusi moja isiyo na herufi A wala B, ramani ya Ufaransa iliyoliwa na mchwa upande wa kusini, na redio ya kaseti. Kaseti hazikuwepo. Akanitazama nikihesabu pumzi.

"Rehema mwanangu," akasema, "vitu vya kufundishia utavitengeneza. Wewe mwenyewe ndiwe ninayekuhofia."

Nilivitengeneza kweli. Nilikata katoni za biskuti kuwa kadi, nikapaka nusu yake rangi ya kijani na nusu njano. Hizo kadi ndizo chombo changu bora kuliko vyote, na nimekuachia. Ya njano moja haipo. Aliondoka nayo Habiba.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana wengine watakuambia subjonctif passé, umbo moja la kitenzi cha Kifaransa, haistahili muda wako. Katika karatasi ya mtihani inaweza isikuguse kabisa. Niliwaza sana kabla ya kuifundisha, nikaifundisha, kisha nikawaza kwa nini nimeifundisha. Jibu nililipata polepole: bila hiyo, mwanafunzi anaweza kukueleza kilichotokea, lakini hawezi kukuambia anajisikiaje kuhusu hicho kilichokwisha kutokea. Na mazungumzo mengi ya watu wetu ndiyo hayo. Mvua imenyesha, tunashukuru. Barabara imekatika, tunasikitika. Ng'ombe wameingia kwenye mpunga, mtihani huo.

Kuiunda si kazi. Unachukua kitenzi kisaidizi, avoir (kuwa na) au être (kuwa), unakiweka katika subjonctif ya wakati uliopo, kisha unaongeza umbo la kitendo kilichokwisha. Kadi ya kijani ni ya avoir: que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient. Kadi ya njano ni ya être: que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient. Vitenzi vya kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuanguka na wenzao, pamoja na vile vya kujitendea, vinataka njano. Vilivyobaki karibu vyote vinataka kijani. Nilikuwa nikitaja kitenzi, darasa linainua kadi. Mwezi wa pili walikuwa wakiinua kabla sijamaliza kutaja, nikajua imeshawaingia.

Shida iko kwenye kuitumia, na shida hiyo inatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi tunasema "nataka uje", na hapo tunakibadili kitenzi sawasawa na Wafaransa. Lakini jambo likishatokea tunaachana na hayo, tunasema tu "nimefurahi kwamba umekuja". Kwetu kilichokwisha kimekwisha, hakina haja ya umbo maalumu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Garsen ataandika "je suis contente que tu es venue" na ataona amesema kweli. Mwache aone, kisha umwambie: kama umeanza na moyo wako, yaani furaha, huzuni, hofu, mshangao au shaka, basi kitendo kinachofuata lazima kivae nguo ya moyo hata kama kimeshapita. Je suis contente que tu sois venue. J'ai peur que les vaches aient mangé le riz, naogopa ng'ombe wamekula mpunga. Je ne crois pas que le bus soit parti, siamini basi limeondoka. Lakini msemaji akisema anajua, au kwamba ni hakika, hakuna nguo ya moyo: je sais que tu es venue, najua umekuja.

Mfano wa ng'ombe na mpunga niliupata kwa shida. Mimi ni Mpokomo, watu wa mashamba, nusu ya darasa langu ni Waorma, watu wa ng'ombe, na wewe ukikaa hapa utajua kwa nini niliandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Komora, mwanafunzi wangu kutoka Idsowe ambako mpunga ndio maisha, aliisoma kwa sauti kubwa kupita inavyohitajika. Nyuma yake sauti ya mtu wa upande wa pili ikajibu kwa utulivu, "Je regrette que le riz ait poussé sur le chemin des vaches." Nasikitika mpunga umeota kwenye njia ya ng'ombe. Darasa zima likaangua kicheko, Komora mwenyewe akiwemo. Sijawahi kufurahia sentensi ya mwanafunzi kiasi kile. Aliyeisema ni dada yake Habiba, aliyekuwa akikaa madawati mawili mbele yake. Habiba mwenyewe hakuwa mtu wa kujibu.

Komora ndiye aliyeniuliza swali nisilowahi kulijibu vizuri. "Madamu," alisema, "kwa hivyo hawa watu hata furaha yao iko na kanuni? Na kutumaini je?" Nikalazimika kumwambia kwamba kutumaini, espérer, hakuvai nguo ya moyo. J'espère que tu es bien arrivé, natumaini umefika salama, kawaida kabisa. "Basi matumaini hayatoki moyoni," akasema, akaandika hivyo kwenye daftari lake. Nilikwenda nyumbani na swali hilo nikalitafuna wiki nzima. Bi Mwanajuma aliponiona aliniambia kuna walimu wanaokufa kwa maradhi, mimi nitakufa kwa Komora.

Mwaka wa tatu mto ulifurika, barabara ikakatika, na kwa majuma kadhaa tulifundisha nusu ya darasa. Ulipopungua likaja jua. Nyasi za karibu zikaisha, na jamii nyingi za wafugaji zikasogea na mifugo. Habiba alikosa majuma saba. Aliporudi alikaa pembeni ya Komora, akanakili yaliyompita, na hakuuliza swali hata moja.

Nilimjua Habiba kwa jambo moja tu zaidi ya hilo. Mjomba wake hufanya biashara ya mifugo Jibuti, ambako wanyama kutoka pande hizi hushushwa melini. Huko vyeti vya afya ya mifugo huandikwa kwa Kifaransa, na kuna chuo ambacho mjomba alisema angemlipia asomee utabibu wa wanyama. Sharti lilikuwa moja: Kifaransa kionekane kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Hakuniambia haya kwa kuomba. Aliyaandika katika insha ya mipango ya baadaye, nami nikasahihisha viambishi, nikampa kumi na nne kwa ishirini.

Kisha mwanzo wa mwaka wa mwisho ukaja mtihani wa majaribio wa kuzungumza. Tulimwalika mwalimu wa shule nyingine aje kuwatahini, kwa sababu wakitahiniwa na mimi wangenisoma usoni. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Anasimulia kisa kifupi, sentensi moja moja, na baada ya kila sentensi ananyamaza ili mwanafunzi atoe hisia yake. Kisa chenyewe: gari langu liliharibika karibu na Minjila. Kimya. Hakuna mtu aliyesimama. Kimya. Lori la mifugo likanisaidia, nikafika.

Nilikaa nyuma ya chumba. Wengine walirukia kila kimya kama kuku kwenye punje. Komora alimpa mtahini pole mara tano. Habiba aliinamisha macho, mikono mapajani. Mtahini akasema sentensi ya kwanza, akangoja. Ya pili, akangoja. Ya tatu. Akangoja muda ambao mimi nilihisi tone la jasho likishuka kutoka sikioni hadi kwenye ukosi wangu. Kisha akamshukuru, akaandika: "Hasemi. Mbili kwa kumi na tano."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameweka sheria kwamba anayepata chini ya nusu katika sehemu yoyote ya majaribio asisajiliwe, ili wastani wa somo usishuke. Karatasi ya Habiba ya kuandika ilikuwa safi, safi kupita kiasi, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi yake ya kawaida. Nikakumbuka anakaa na Komora. Nikakumbuka majuma saba. Nikajithibitishia kwamba amenakili, bila kumuuliza yeye wala Komora. Ijumaa nikapiga ule mstari mwekundu.

Kesho yake Jumamosi nilikwenda sokoni kununua maziwa, kama kila Jumamosi. Mamake Habiba huuza maziwa, na mimi ni mteja wake. Nilitaka nipite kwa muuzaji mwingine, nikaona hiyo ni fedheha zaidi. Habiba alikuwa pale akimsaidia. Alinisalimu kama kawaida, kwa hiyo nikajua bado hajaambiwa.

Kabla sijapimiwa alifika baba yake mdogo kutoka malishoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Wakaamkiana kwa ule mlolongo wao mrefu wa kuulizana amani. Kisha akaketi juu ya dumu, akaanza kutoa habari. Kiorma changu ni cha sokoni lakini nilimfuata. Alianza na siku walipohama. Mvua imepiga wapi, imeruka wapi. Kisima kipi kimekauka. Ndama mwekundu alianza kukohoa.

"Pole sana," nikasema.

Akanyamaza. Watu wote wakanigeukia. Mamake Habiba akaweka kikombe cha kupimia chini, akacheka kwa upole.

"Mwalimu, ngoja amalize. Wewe unatoa pole na ndama bado hajakufa."

Mzee akaendelea, na kweli ndama akafa, lakini hapo mbele sana, baada ya mtoto aliyeumia mguu na kupona. Muda wote huo mama alikuwa ameinamisha macho, mikono mapajani. Mzee alivuta pumzi, akanyamaza, akaendelea, akanyamaza tena. Hakuna aliyejaza kimya chake. Mpaka akasema zile ndizo habari alizotoka nazo. Ndipo mama akainua macho na kumjibu, jambo moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule aliousema yeye: akashukuru kwa mvua, akasikitika kwa kisima, akashukuru kwa mguu wa mtoto, akampa pole ya ndama. Hakuruka hata moja.

Nilizaliwa Golbanti. Nimekunywa maziwa ya Waorma tangu sijaota meno. Na katika maisha yangu yote sikuwahi kuisikia habari yao mpaka mwisho, kwa sababu sikuwahi kunyamaza muda wa kutosha.

Nikamvuta Habiba kando. Nilimuuliza kama siku ile ya mtihani alikuwa akimngoja yule mwalimu amalize.

"Hakumaliza, Madamu," akasema. "Alinyamaza tu. Halafu akaniambia asante nitoke."

"Na ungemjibu nini?"

Akaangalia chini kidogo. Majuma matatu yalikuwa yamepita tangu mtihani ule. Kisha akasema, bila haraka, kama mamake alivyomjibu mzee:

"Il est dommage que votre voiture soit tombée en panne. Je suis étonnée que personne ne se soit arrêté. Je suis heureuse que vous soyez arrivé."

Ni jambo la kusikitisha gari lako kuharibika. Nashangaa hakuna aliyesimama. Nafurahi umefika. Yote matatu, kwa mpangilio, na kadi ya njano kila mahali ilipotakiwa. Nikamuuliza kuhusu karatasi ya kuandika. Akasema Komora ndiye aliyenakili kwake, tena vibaya.

Ukichukua jambo moja tu kutoka kwenye kurasa hizi, chukua hili. Wanafunzi wako Waorma wafundishe sentensi moja kabla ya yote: "Je vous écoute, continuez." Nakusikiliza, endelea. Mtahini akiisikia atajua kimya hicho si cha mtu mtupu, naye mwanafunzi hatakuwa amemkatiza mtu habari yake. Wapokomo wako wafundishe kufunga mdomo. Tangu Jumamosi ile nilianza kila kipindi hivyo: mmoja anaingia na habari, mwenzake anazipokea hadi mwisho, ndipo anajibu zote kwa mpangilio, kila moja kwa hisia yake. Komora aliteseka kama mtu aliyefungwa gunia kichwani. Lakini subjonctif passé hawakuisahau tena, maana sasa ilikuwa na kazi waliyoijua tangu utotoni.

Bado kulikuwa na orodha.

Jumapili nzima niliandika nitakavyomweleza Mwalimu Mkuu. Niliandika toleo la unyenyekevu, toleo la kitaalamu, na toleo la kujiuzulu. Nilifikiria kwamba mkataba wangu ulikuwa mikononi mwake. Nilifikiria kwamba huenda Habiba akafeli na jina langu likaharibika pamoja na wastani. Jumatatu asubuhi nilimsimulia Bi Mwanajuma yote, na matoleo yangu matatu nikamwonyesha. Aliyakunja, akayatia mkobani mwake.

"Nenda ukiwa mikono mitupu," akasema. "Ukiwa na karatasi utasoma karatasi."

Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi na ile orodha mbele yake, bado haijatumwa. Nikasema nimekuja kulirudisha jina la Habiba, kwamba nilikosea. Akavua miwani akaanza kusema. Alisema orodha ina saini yangu mwenyewe. Akanyamaza. Akasema akimrudisha mmoja, wazazi wa wanafunzi wa masomo mengine watapanga foleni mlangoni. Akanyamaza tena, akanitazama. Akasema mtahini ni mtu mwenye uzoefu kuliko mimi. Akasema wastani wa somo ukishuka, bodi itamuuliza yeye, naye ataniuliza mimi. Kila aliponyamaza nilitamani kujitetea, na kila mara niliinamisha macho, mikono mapajani.

Mwishowe alichoka na ukimya wangu. "Haya, Madamu Rehema, mimi nimemaliza. Mbona husemi?"

Nikainua macho. Nikamwambia nasikitika nilitia saini kabla ya kuuliza, na saini hiyo naomba kuifuta mbele yake. Nikamwambia naelewa hofu yake ya foleni mlangoni, na wakija nitawapokea mimi. Nikamwambia mtahini alikuwa sahihi kwa alichokiona, nami nilikuwa nyuma ya chumba nikiona zaidi yake, nikakaa kimya pasipopaswa. Na kuhusu bodi, nikamwambia aandike kwenye faili kwamba Habiba amesajiliwa kwa uamuzi wangu, ili wakiuliza, waniulize mimi.

Hakuniambia ndiyo. Aliisukuma orodha upande wangu wa meza, akarudisha miwani machoni, akaanza kusoma barua nyingine.

Chini ya jina la mwisho palikuwa na nafasi. Nikachukua kalamu ya bluu, nikaandika jina lake lote, la kwake na la babake na la babu yake, kwa herufi kubwa, nikatia saini pembeni.